Ukinyoosha Kiswahili Nairobi unaitwa Mtanzania: ni nini hasa kinachosikika?

#1 Kipaza
Wakuu, salamu. Mkenya mzaliwa wa Buruburu anasoma tangazo la redio kwa Kiswahili kilichonyooka. Mteja wa hapa Nairobi analirudisha: "Huyu Mtanzania, tafuteni Mkenya." Tangazo lilelile likipelekwa Dar linarudi pia: "Huyu Mkenya." Sauti moja, maneno yaleyale, na nchi zote mbili zimemkana.

Msiniletee habari za "kitabu yangu". Maandishi yamehaririwa na msomaji hajagusa hata koma. Nataka sauti: herufi gani, silabi gani, mkazo upi. Mwenye kujua atoe neno ambalo mtu anaweza kulitamka sasa hivi akajisikia.

#2 ThikaRoad
Ni ngeli tu. Sema "vitabu vyangu vimepotea" kwa steji ya Githurai uone vile watu watageuka. Hata kama lafudhi yako ni ya Murang'a tupu, ushakuwa Mtanzania.

#3 Kipaza
@ThikaRoad ngeli nimeweka kando. Soma tena, buda.

#4 MwalimuUmoja
Anza na m. Neno mtoto lina silabi tatu: m-to-to. Midomo inafungwa, sauti inavuma puani, halafu unaangukia t moja kwa moja bila irabu katikati. Mtu wa bara akizembea anachomeka u, inakuwa mu-to-to. Akiiogopa hiyo u anaimeza m yenyewe, inabaki "toto". Na anayejikaza kupita kiasi anatanguliza irabu: um-toto. Makosa matatu, na kila moja lina anwani yake.

Neno la kujipima ni mtu. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu ina silabi mbili, basi mkazo uko juu ya m yenyewe: M-tu. Ndivyo ilivyo N-chi, N-ne, M-bwa. Wasomaji wengi wa Nairobi wanakaza mwisho: m-TU, m-BWA. Dar wanakunasa hapo.

Ukimaliza jaribu mbuni. Yule ndege ni mbu-ni, silabi mbili. Anayebuni vitu ni m-bu-ni, tatu. Rekodi yote mawili, usikilize baada ya saa moja bila kuangalia lipi ni lipi. Ukishindwa kutenganisha, tatizo umelipata.

#5 KondaWa58
Sema m-m-buni mara kumi ndani ya matatu, kiti cha kando yako kitabaki wazi mpaka Buruburu.

#6 BintiMvita
Na mbona Mombasa haitajwi? Nchi mbili, nchi mbili, kana kwamba Kenya yaanzia Mlolongo!

Mtu wa Mji wa Kale akija Nairobi akasema "wataka nini", aulizwa kwao Tanga au Unguja. Ajabu ni kwamba Mtanzania wa Dar hasemi hivyo, yeye asema "unataka". Hiyo "wataka" ni yetu, na Mombasa ni Kenya. Akizidi kujiachia atasema ndia badala ya njia, ndoo badala ya njoo, ndaa badala ya njaa, mtele badala ya mchele, kuteka badala ya kucheka. Hayo ni Kimvita. Ukiyasikia ukamwita mtu Mtanzania, umekosea kwa mamia ya kilomita.

Kwa msomaji wa tangazo kuna jambo jingine: mpumuo. Paa la nyumba na paa mnyama huandikwa sawa, lakini wa mnyama hutoka na pumzi. Kaa la moto halina pumzi, kaa wa baharini anayo. Chukua karatasi ya tishu, ichane iwe tabaka moja, ining'inize mbele ya midomo kama upana wa vidole vitatu. Ukitaja paa la nyumba karatasi yatulia. Ukimtaja mnyama yaruka. Wakiruka wote wawili, p yako ni ya Kiingereza. Wakitulia wote, wewe ni wa bara.

Na b, d, g, j za pwani huvuta hewa ndani kidogo. Weka kidole kooni useme baba. Fundo la koo lashuka kabla ya b kufunguka. Ikitanguliwa na m, kama mbao, halishuki.

#7 Kipaza
@BintiMvita shukrani, na samahani kwa Mlolongo. Ila kuna kitu hakikai sawa. Mtu wa Dodoma naye hana mpumuo, na fundo lake la koo halishuki kama la Mji wa Kale. Bado Dar hawamwiti Mkenya. Kwa hiyo karatasi inatenga pwani na bara. Haitengi Kenya na Tanzania.

#8 Mbongo_SouthB
Habari zenu. Kwa sikio la Mtanzania, Mkenya anajulikana kwa kutamka vizuri mno. Msicheke. Watanzania wengi wa bara th inateleza kuwa s na dh kuwa z: selasini, zahabu, zambi. Gh inakuwa g, "bei gali". Ndiyo maana duka la samani na kitu cha thamani kwa midomo mingi ni neno moja. Msomaji wa Nairobi kila th anaitoa ulimi nje, imeoshwa na kupigwa pasi. Mtu wa Dar akisikia "thelathini na tatu" yenye meno namna hiyo anajua huyu kafundishwa.

Kingine ni wimbo. Mwishoni mwa sentensi irabu ya silabi yenye mkazo inavutwa: "karibu nyumbaaani". Nairobi silabi zote zina urefu sawa, kama mtu anayehesabu noti. Anayekataa akate sekunde tano za mwisho za tangazo la Dar na la Nairobi, apime irabu hiyo kwenye kompyuta.

#9 MwalimuUmoja
@Mbongo_SouthB kuhusu th uko sawa, lakini usiseme "Mkenya" kwa jumla. Th ya Kikikuyu ina mtetemo wa koo, ni sawa na dh ya Kiswahili. Kwa hiyo thelathini ya Nyeri inatoka dheradhini. Huyo hajaoshwa wala kupigwa pasi.

#10 ThikaRoad
Mwalimu tuachie Nyeri yetu.

Lakini ni kweli, na si th peke yake. Kikikuyu hakina b wala d iliyosimama peke yake, lazima itanguliwe na sauti ya pua. Ndiyo maana dirisha tuliligeuza ndirica, basi likawa mbathi, buku likawa mbuku. Na hiyo c ya ndirica inatamkwa karibu na sh, ndipo chai ya wazee inasikika "shai".

#11 Mkalimani
Nimesoma kimya, ila naona mnaruka r na l, na Nairobi hizo ndizo zinazompa mtu nchi isiyo yake. Chukua maneno matatu tu: "habari", "kila", "siku". Yaseme pamoja: habari ya kila siku.

Mkikuyu mzee, ambaye lugha yake haina l, anasema: habari ya kira siku.
Mkamba, ambaye lugha yake haina r: habali ya kila siku.
Mganda anasema: habali ya kira siku. Si ovyo, Kiganda kina kanuni. R inakuja baada ya i na e, kwingineko ni l. Katika habari inatanguliwa na a, basi l. Katika kila inatanguliwa na i, basi r.
Mtu wa pwani: habari ya kila siku.

Sasa vuka mipaka. Msukuma wa Mwanza naye hana r, anasema habali ya kila siku sawasawa na Mkamba wa Kitui. Mkuria hana l, yuko pamoja na Mkikuyu, na Mnyarwanda hayuko mbali nao. Kwa hiyo Mkamba anaweza kuitwa Msukuma na aliyemwita hakusikia vibaya. Sikio limeshika sauti halisi, likakosea tu kuipeleka nchi. Sauti hazikusubiri mpaka uchorwe.

Tahadhari: kipimo hiki kinafaa kwa mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ana r na l zake zote, kabila lake halisikiki hapo.

#12 Omera
@Mkalimani umewaacha Wajaluo kwa heshima au kwa woga?

#13 Mkalimani
@Omera kwa heshima. Dholuo haina sh wala z, basi shamba ni samba na zawadi ni sawadi. R na l mnazo zote mbili, hongera.

#14 ThikaRoad
Waamuzi 12:6. Waefraimu walipofika vivuko vya Yordani wakaambiwa waseme Shibolethi. Wakasema Sibolethi. Wakaanguka 42,000. Omera, uchunge vivuko.

#15 Omera
Na kama neno lingekuwa "lala"? Murang'a nzima ingebaki kivukoni, rara hapo.

#16 KondaWa58
😂😂 Uzi umefungwa.

#17 Kipaza
Haujafungwa. @Mkalimani hiyo hesabu ya r na l ni dhahabu, lakini msomaji wangu ni huyo kijana wa Eastlands. R na l anazo. M yake nimeipima leo kwa mbuni, imepita. Bado mteja anasema Mtanzania.

#18 Mbongo_SouthB
Basi si sauti, ni adabu. Tangazo linasema "tunaomba ututembelee"? Au "naomba maji", "naomba chenji"? Hiyo naomba ndiyo pasipoti ya Tanzania. Nairobi mtu anasema "nisaidie maji". Mtanzania akisikia nisaidie anaangalia nani ameumia. Mkenya naye akisikia naomba anadhani mtu hana pesa.

#19 KondaWa58
Hii ni kweli kabisa. Ndani ya gari hakuna haja ya karatasi ya tishu. Abiria akisema "shusha" badala ya "shukisha", huyo si wa hapa. "Kituo" badala ya steji, si wa hapa. Akiuliza "shilingi ngapi" badala ya "pesa ngapi", si wa hapa. Akiitisha chenji na aseme "samahani kaka" kwanza, huyo anatoka mbali sana.

#20 BintiMvita
@KondaWa58 au atoka Likoni.

#21 KondaWa58
Likoni ni mbali sana, dada.

#22 MwalimuUmoja
Mambo ya maneno @Kipaza hakuyauliza, lakini kwa kuwa tumefika, kuna tofauti moja ndogo ambayo mhariri haiondoi msomaji akiongea bila karatasi: kiambishi cha mazoea. Nairobi ni -nga: naendanga, nakulanga. Tanzania mitaani ni -ga: naendaga, nakulaga. N moja tu katikati. Ukimhoji mtu kwa dakika kumi lazima itamtoka, kwa sababu hakuna anayeifikiria. Vilevile "niko na njaa" ya hapa dhidi ya "nina njaa", na "kuja hapa" dhidi ya "njoo hapa".

#23 ThikaRoad
Chanzo cha haya yote ni Wazungu waliochagua Kiswahili cha Zanzibar huko Dar mwaka 1930. Tangu hapo aliye sanifu ni wao, sisi ni wa kuiga.

#24 Mkalimani
@ThikaRoad umechanganya. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu ulikuwa 1928, na ulifanyika Mombasa. 1930 ni mwaka ilipoundwa Kamati ya Lugha. Kimvita kilikuwa na watetezi wake, mmisionari Krapf alifanya kazi yake upande huu wa Mombasa na Rabai, mmisionari Steere akafanya yake Unguja. Kikashinda cha Steere.

#25 BintiMvita
Walikuja kuketi Mombasa, wakala pilau ya Mombasa, wakachagua Unguja. Mwenye nyumba akalazwa barazani.

#26 ThikaRoad
Sawa, 1928. Hoja inabaki palepale.

#27 MwalimuUmoja
Hoja haibaki. Kama ni 1928, mbona mtu wa Nairobi hakuanza kuitwa Mtanzania zamani hizo? Mimi natazama shule. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima na la mtihani. Mtoto wa Nairobi akapata Kiswahili cha aina mbili: cha mtaani anachozungumza, na cha Insha anachoandika. Hicho cha pili hakina mtaa. Hajawahi kukisikia kikiombewa chumvi wala kikigombea kiti. Akikitoa mdomoni kinatoka bila mwenyeji, na msikilizaji anakitafutia kwao. Kwao panapojulikana ni Tanzania.

#28 Omera
Hii ndiyo ya kwanza inayoeleza kwa nini Dar nao wanamkataa.

#29 FundiVitenge
Mmezungumza kama Nairobi ina nchi mbili tu. Kayole na Kasarani sikio lina sanduku la tatu, "Mkongomani". Humo anatupwa yeyote anayesema mutoto na muzuri, hata akiwa Mluhya wa Bungoma.

Kiswahili cha Kongo si u hiyo tu. Cha Lubumbashi kinasema batu badala ya watu, fasi badala ya mahali, mingi kwa kila kitu: batu mingi, siku mingi. Mluhya wa Bungoma hana hizo. Ukimsikiliza vizuri utasikia b yake ikielekea p na d ikielekea t, maana kwao herufi hizo nzito zinakuja baada ya sauti ya pua tu. Mkalenjin yuko karibu naye hapo, kitabu kinakuwa kitapu. Na anayetoka Goma au Bukavu si sawa na wa Lubumbashi, cha huku mashariki kimekaribia chetu zaidi. Mrundi wa Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, Nairobi anapita kama mtu wa Kigoma na hakuna anayeshtuka.

Hata misimbo ya lugha kwenye kompyuta inatenga: swh ni Kiswahili cha pwani, swc ni cha Kongo. Kisha simu inakuuliza Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania, kana kwamba Vanga na Tanga hazionani.

#30 BintiMvita
@FundiVitenge ahsante kwa Vanga. Wavumba wa Vanga na Wasini, na Wadigo walioenea Kwale mpaka Tanga, hao mpaka uliwapitia kati. Askari wa Nairobi akimsikia kijana wa Vanga, la kwanza ni kitambulisho.

#31 Mkalimani
Hapo ndipo mzaha unapoisha. Wamakonde wa Kwale wengi wao walikuja kufanya kazi mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa, wakajukuu, na lafudhi ikabaki ya kusini. 2016 walitembea kwa miguu kuja Nairobi kudai uraia, ndipo vitambulisho vikaanza kutolewa. Wapemba wa pwani ya Kenya walisubiri mpaka 2023. Eastleigh, mtaa wa Wasomali hapa Nairobi, ni vilevile. Kisomali hakina p wala z, polisi inakuwa bolisi, na sauti hiyo ni moja Garissa na Mogadishu. B iliyochukua nafasi ya p haikuambii mtu alizaliwa upande gani wa mpaka. Haiwezi.

#32 Kipaza
@Mkalimani hilo lingetosha uzi wake. Nakubali.

Nirudi kwenye tangazo. Jana usiku tumerekodi mara nne. Ya kwanza kama kawaida. Ya pili tukakaza M-tu na N-chi. Ya tatu tukavuta irabu ya mwisho kama alivyosema @Mbongo_SouthB. Ya nne tukaongeza mwendo na kutoa "tunaomba" yote. Mteja wa Nairobi amesema ya nne ndiyo Mkenya. Dar wameikubali ya tatu, "ila kama anatoka Arusha".

#33 Mbongo_SouthB
Arusha! Hapo umefaulu kaka, usiguse tena. Mtu wa Arusha Dar naye anaitwa Mkenya.

#34 MwalimuUmoja
Hamjathibitisha kitu. Katika ya nne mlibadili vitu viwili kwa pamoja, mwendo na "tunaomba". Hamjui kipi kilimshawishi mteja. Rekodini ya tano yenye mwendo wa kasi na "tunaomba" yake, kisha msimwambie ni ipi.

#35 ThikaRoad
Mteja alishaambiwa ni Mkenya, ndiyo maana amesikia Mkenya. Mpelekee ile ya kwanza na jina la Wanjiku juu yake uone.

#36 Omera
Naye Wanjiku asome "habari ya kila siku" mbele yetu kwanza.

#37 KondaWa58
Swali la kando. Mtanzania akisema "bibi yangu ananipenda sana", anamaanisha nani?

#38 Mbongo_SouthB
Mama mzaa mama au mama mzaa baba. Kwani nyie?

#39 KondaWa58
Hapa ni mke. Nyanya ndiye huyo wenu.

#40 Mbongo_SouthB
Nyanya ni ya kukaanga na maharage, mkuu.

#41 KondaWa58
Maharagwe.

#42 BintiMvita
@MwalimuUmoja mwaacha kazi. Ile ya tano warekodi na karatasi ya tishu mbele.

#43 Kipaza
Karatasi ilikuwepo. Kwenye paa wa nne ilishalowa mate ikanata kwenye kipaza sauti.